Rafiki Yangu Anatoka Jasho

Kwanza nuseni sweta zenu. Ndiyo, hata wewe unayecheka. Ingiza pua kwenye kiwiko cha sweta yako, vuta pumzi moja, tulia. Hivyo ndivyo tulivyopumzisha pua dukani baada ya kunusa chupa kadhaa, kwa sababu pua ikichoka inaanza kukudanganya bila haya. Siku hizi naona mnanusa kahawa. Si mbaya, lakini kahawa nayo ni harufu. Sweta yako pua imeizoea tangu asubuhi, haina neno nayo.

Mjukuu wangu Wambui ndiye aliyenisukuma niwaandikie. Ananiambia mko wengi sasa, kutoka Dagoretti hadi Kitisuru, mnachanganya mafuta ya mimea jikoni kwenu, mnayatia kwenye vile vichupa vyenye gololi mdomoni, na mnauza kwa simu. Alinionyesha tangazo moja lililoandikwa eti mafuta hayo yanakomesha jasho kabisa. Hapo nikaomba miwani yangu. Kazi hii nimeifanya tangu usichana wangu hadi magoti yalipogoma, katika duka dogo pale Hurlingham, na sijawahi kuona mafuta ya mmea yanayokomesha jasho. Hata ningeyaona ningeyaogopa.

Jasho lenyewe halina kosa. Linatoka mwilini likiwa karibu halina harufu yoyote. Wanaolichafua ni wadudu wadogo wasioonekana, wanaokaa kwapani na kati ya vidole vya miguu, wanakula humo na kutuachia ile aibu. Mafuta yetu yanawapunguza wale wadudu, na yanaacha harufu nzuri mahali pake. Basi, hayo ndiyo mambo yake yote. Mtu akikuahidi zaidi ya hapo, ama hajui kazi ama anaijua sana na anataka kukuuzia.

Lakini sikuketi kuandika kwa sababu ya matangazo tu. Nataka mjue jinsi mwalimu wangu wa kazi alivyokaribia kututoka, mbele ya macho yangu, katikati ya chupa zote zile, huku akinukia vizuri kuliko mtu yeyote barabara nzima ya Argwings Kodhek. Na jinsi nilivyojua mapema, nikakosa pa kuanzia.

Mwalimu huyo ni Mama Hansa. Alikuwa mama wa Kihindi, mjane, mwembamba, na alikuwa mtu wa baridi sana. Juu ya sari yake ya pamba alivaa sweta ya kijivu hata mwezi wa Februari, wakati sisi wengine tunajipepea na magazeti. Baba yake aliuza udi, ubani na viungo katikati ya jiji. Yeye akahamishia biashara Hurlingham ofisi na fleti zilipoanza kuongezeka huko. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kaunta, hakina kona wala mapambo, na alikuwa amekizungumza tangu utoto wake.

Mimi nilitoka Dagoretti. Baba yangu alifanya kazi kichinjioni, na nyumba yetu yote ilikaa na harufu ya mafuta ya ng'ombe na moshi wa kuni. Sisi hatukuisikia. Shuleni waliisikia, na hawakuniacha niisahau.

Siku yangu ya kwanza kazini niliwekwa nyuma ya duka kuosha chupa. Chumba kidogo, dirisha dogo, maji moto, na jasho likanitoka vilivyo. Mama Hansa aliingia, akasimama kidogo, akatoka bila neno. Nikajua mambo yamekwisha, kesho nabaki nyumbani. Jioni nikivaa viatu akaniwekea mkononi kipande cha shabu, lile jiwe jeupe ambalo kinyozi anakupaka wembe ukikukata. Pamoja nalo kichupa cha mafuta ya nazi yaliyotiwa mchaichai kidogo.

"Kama iko rafiki yako nyumbani anatoka jasho mingi," alisema, akiangalia kalenda ukutani, "mwambie aloweshe hii jiwe, apake kwapa ikiwa imeoshwa na imekauka. Mafuta kidogo baadaye. Na nguo ya kazi atundike mbali na moshi."

Sikuwa na rafiki kama huyo. Mimi nilijua, na yeye alijua. Nilimshukuru kwa niaba ya rafiki yangu, nikaenda zangu, na nilipofika nyuma ya nyumba yetu nikalia kidogo. Si kwa uchungu, wanangu. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniambia jambo lile bila kujifunika pua. Hata leo nikikumbuka jinsi alivyoikazia macho ile kalenda ya watu, roho yangu inalainika.

Baadaye nikagundua hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya duka. Hakuna mteja aliyewahi kuingia akasema ananuka. Wote walikuwa na marafiki. Wakili anaingia na tai yake, anashika chupa hii, anaweka ile, mwishoni anauliza kama tuna kitu cha rafiki yake ambaye anapata shida kidogo mahakamani akivaa koti. Sisi tunauliza habari za rafiki. Rafiki analoa wapi zaidi? Rafiki anavaa nguo za aina gani? Rafiki amewahi kupata upele? Na mtu anajibu yote kwa urahisi, kwa sababu hatumzungumzii yeye. Ukikosea tu useme "kwapa lako", anatoka na humwoni tena.

Kuna mama mmoja kutoka Kitisuru aliyemtuma dereva wake aje kwa niaba ya rafiki wa mama. Dereva akaeleza vizuri, nikampa mchanganyiko. Baada ya wiki mama mwenyewe akaja, akatuuliza kwa nini dereva hayatumii yale mafuta. Kumbe rafiki alikuwa ni yule dereva, na hakuna aliyeweza kumwambia. Na dereva naye, maskini, alikuwa ameyapeleka nyumbani kwa uaminifu wote na kumkabidhi mama mwenyewe, akidhani mama ndiye rafiki. Tulicheka na Mama Hansa mpaka tukafunga mlango ili wateja wasituone. Kisha akaniambia tuchanganye mengine, ya dereva, na tumwekee kichupa kama zawadi ya duka kwa madereva wote.

Sasa nisikilizeni kuhusu vipimo, kwa sababu Wambui atanigombeza nikivisahau. Dukani tuliyaita mafuta makali, haya yanayokamuliwa kwenye majani, maua na magome. Jina hilo lilitusaidia kukumbuka. Hayapakwi peke yake. Yanawekwa matone machache kwenye kijiko kikubwa cha mafuta laini, ya nazi au ya alizeti, na ukianza anza na kidogo kuliko unavyotaka. Kabla hujampa mtu, apake tone kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko alale nalo. Pakiwasha, hayo si yake. Mafuta ya limau yasipakwe mahali jua linapiga, yatachoma ngozi na kuacha doa. Mtoto mchanga muacheni na harufu yake, hakuna harufu nzuri inayoizidi. Mama mjamzito amuulize daktari wake kwanza. Na hayanywewi, hata kama mtu wa kwenye simu amekuambia anayanywa.

Karafuu ndiyo iliyonifundisha mimi. Nilikuwa nimealikwa ruracio ya binamu yangu, siku ile ya kupeleka mahari, na nilijua kutakuwa na vijana wa maana. Nikaona matone ya kawaida hayanitoshi mtu kama mimi. Nikajipaka karafuu tupu, kwapa zote mbili, nikavaa gauni la nailoni juu yake. Kabla hata wazee hawajasalimiana, moto ukawaka. Nilikaa sherehe nzima nikiwa nimeinua viwiko kama kuku anayetaka kuruka, na shangazi yangu akaeneza habari kwamba mtoto wa fulani anaringa tangu apate kazi kwa Wahindi. Mama Hansa aliponiona Jumatatu hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba rafiki yangu apake mafuta ya nazi matupu, na aache nailoni.

Hiyo nailoni ishikeni, maana nusu ya kazi yetu ilikuwa nguo. Mtu ananunua mafuta mazuri, anayapaka chini ya shati la plastiki ambalo halijakauka vizuri. Kuna mchinjaji mmoja wa kwetu Dagoretti aliyetaka chupa kubwa kuliko zote. Mama Hansa alimuuliza rafiki yake anaweka wapi koti lake la kazi. Chini ya kitanda, akasema. Aliondoka bila chupa yoyote, akiwa na maagizo ya kununua kamba na vibanio vya nguo. Alirudi na kilo ya nyama kushukuru, kwa mama wa Kihindi asiyekula nyama. Nyama hiyo niliila mimi na watu wangu, tukamwombea mchinjaji baraka.

Lakini swali kubwa la Mama Hansa halikuwa la nguo. Lilikuwa moja, na alinifundisha nisiuze hata tone kabla ya kuliuliza. Tangu lini?

Mtu akisema rafiki yake ametoka jasho hivyo tangu alipobaleghe, na baba yake pia alikuwa hivyo, vizuri, huyo ni wetu. Mtu akisema limeanza juzi, zamani hakuwa nalo, huyo si wetu. Nilimwona akimnyima mafuta mwalimu mmoja wa shule, kijana mtanashati, ambaye rafiki yake alikuwa anaamka shuka zikiwa zimeloa chapachapa. Mwalimu alikasirika. Alisema amekuja dukani, hajaja hospitalini. Mama Hansa akasukuma chupa nyuma ya kaunta, akamwambia rafiki aende akapimwe kifua. Alirudi baada ya miezi mingi, amenenepa, ana parachichi kwenye kikapu. Ilikuwa kifua kikuu, na alikuwa anamaliza dawa. Hata siku hiyo aliendelea kusema ni rafiki yake aliyeugua. Nasi tukampa pole ya rafiki.

Sasa ndiyo nafika pale nilipokuwa naenda.

Mwaka ule sikuwa msichana tena. Nilikuwa mama wa watu, na mchanganyiko mwingi niliufanya mimi. Mtoto wa Mama Hansa, anaitwa Kirit, mhasibu, alikuwa amehamia Kitisuru na familia yake na alitaka mama yake aende akapumzike huko, kwenye miti na ndege. Kila akija alisema duka limemchosha mama. Mama Hansa alimjibu kwamba miti haina wateja. Tulijua sote, yeye na mimi, kwamba Kirit anangoja sababu moja tu, hata mafua makali, afunge lile duka.

Mama yangu mzazi akafariki, nikaenda kumzika. Nilikaa nyumbani siku zaidi ya kumi bila kugusa chupa. Huo ndio uliokuwa muda mrefu zaidi pua yangu kupumzika tangu nianze kazi. Niliporudi, ilikuwa Julai. Mnaijua Julai ya Nairobi. Jua linajificha, watu wanavaa makoti mawili, na ukishika chuma asubuhi kinakuuma. Nikafungua mlango wa duka, na kabla sijasema hodi wala asante kwa mchango wake wa matanga, pua yangu ilisikia.

Sandali kwanza, yale mafuta ya mti wa kunukia, nyingi mno, kama mtu amemwaga. Kisha mnanaa juu yake. Na chini ya hiyo yote, jasho. Si jasho la mtu aliyepanda ngazi. Jasho chachu, la kukaa, lililofunikwa likafunikwa tena. Duka lilikuwa na mtu mmoja tu ndani yake.

Mama Hansa alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, na feni ndogo ya mezani imemwelekea. Julai. Sweta ya kijivu ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Mgongo wa blauzi yake umeloa. Aliinuka kunikumbatia, na mifupa yake niliihesabu kwa viganja. Nilikuwa naye kila siku kabla ya matanga na sikuwa nimeona, kwa sababu kitu kinachobadilika pole pole mbele yako hukioni. Kisha mengine yakaanza kujipanga kichwani. Alikuwa anakula vizuri na bado anakonda. Mara mbili nilimkuta ameshika kifua baada ya kubeba kasha dogo. Na kuna wateja waliorudisha mafuta kabla sijaondoka, wakisema ni makali, yamewaunguza. Nilidhani ni mimi. Kumbe alikuwa ni yeye, mkono wake ulitetemeka akitonesha, na matone yakadondoka zaidi ya yaliyotakiwa.

Na yeye hakujisikia. Hapo ndipo kazi yetu ilipomfanyia ubaya. Mwanamke mwingine angejinusa akashtuka. Yeye alikaa ndani ya harufu siku nzima, pua imechoka, akihisi unyevu kwapani anaongeza sandali, kesho anaongeza mnanaa. Alikuwa akijiuzia mafuta ambayo asingemuuzia mtu mwingine yeyote, na hakujiuliza lile swali lake.

Nilijua cha kufanya. Ila ningeanzaje? Hebu jiwekeni mahali pangu. Yule ni mwajiri wangu, ni mkubwa wangu kwa umri, amenizikia mama. Nimwambie ananuka? Nimwambie mbele ya feni yake? Na nikimpigia Kirit simu, duka linafungwa kabla ya jioni, na Mama Hansa anapelekwa kwenye miti na ndege, na asingenisamehe. Mimi pia ningeenda nyumbani, na nilikuwa na watoto shuleni. Nilipika chai, nikaimwaga, nikapika nyingine. Siku ikaisha. Kesho yake nikamwangalia akijaribu kufunga kifuniko cha chupa, kikimponyoka kila mara, na yeye akitabasamu kama mtu aliyefanya mchezo. Nikaogopa kwelikweli. Nilikuwa nimetoka kuzika mama mmoja.

Saa kumi tulikunywa chai ya tangawizi nyuma ya duka, kama kawaida yetu. Kikombe chake kiligongagonga kwenye kisahani. Nikaweka changu chini.

"Mama," nikasema, "nina rafiki."

Hakugeuka. Aliangalia ukuta, mahali kalenda inapokaa. Feni ilizunguka.

"Rafiki yako iko namna gani?"

"Anatoka jasho."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua kubwa. Zamani hakuwa hivyo. Zamani alikuwa mtu wa baridi, hata Februari ana sweta."

"Nguo yake?"

"Pamba tupu, Mama. Si nguo."

Alisogeza kikombe chake polepole, kwa mikono miwili, mpaka katikati ya meza. "Nini ingine?"

"Amekonda na anakula. Mikono inatetemeka. Moyo unamwenda mbio, anadhani sioni. Na amejipaka sandali juu ya sandali, kwa hivyo mwenyewe hajisikii."

"Wewe unasikia?"

"Nasikia."

Nje mtu alipita akipiga hodi mlangoni, akaondoka. Kisha akauliza, sauti imeshuka kabisa, kama mtoto wa huyo rafiki anajua. Nikasema hajui, rafiki anaogopa akijua atamfungia kazi yake. Akauliza kama mimi siogopi hiyo kazi ifungwe. Nikamwambia ukweli, kwamba naogopa sana, ila kuna kitu ninachokiogopa zaidi, na kwamba nimetoka kukifanya majuzi na sina nguvu ya kukirudia.

Machozi yalimtoka Mama Hansa, bila sauti. Hakuyafuta.

"Huyo rafiki akikuja hapa dukani," akasema, "sisi tunauza yeye nini?"

"Hatumuuzii kitu, Mama. Tunamwambia aende kwa daktari."

Akaenda mbele, akainama chini ya kaunta, akatoa chupa yake ya sandali, ile ya kujipaka, akanipa. Akachukua mkoba. "Haya," akasema. "Funga mlango. Tupeleke yeye."

Daktari hakuwa mbali, tulitembea. Mimi nilimshika mkono na yeye akaacha ashikwe, jambo ambalo si la kawaida yake. Daktari alimgusa shingo, akamwambia ameze mate, akamsikiliza moyo kwa muda mrefu. Ilikuwa tezi ya shingoni, inafanya kazi kupita kiasi, inauendesha mwili mzima mbio usiku na mchana. Akasema ina dawa. Akasema pia kwamba moyo ulikuwa umeanza kuchoka, na kwamba ni vizuri hatukungoja zaidi. Maneno hayo ya mwisho niliyarudia moyoni njia nzima ya kurudi, nikimshukuru Mungu, nikimshukuru mama yangu pia, kwa sababu kama si matanga yake pua yangu isingepumzika.

Kirit alikuja na suti yake, amepauka. Aliuliza ni nani aliyegundua. Mama yake akamwambia ni rafiki mmoja wa Tabitha, na Tabitha ni mimi. Kirit akasema angependa kumshukuru huyo rafiki, yuko wapi? Mama Hansa akasema ni mtu wa haya. Kuhusu duka, alimwambia mtoto wake kwamba mimi nitachanganya na yeye ataketi, mpaka mkono wake utulie, na kwamba jambo hilo limekwisha. Kirit aliniangalia, akaangalia chupa, akatikisa kichwa. Duka halikufungwa. Kwa hilo namshukuru hata Kirit.

Kwa hivyo, wanangu, uzeni. Wekeni mchaichai wenu, mnanaa wenu, lavenda kwa wanaoipenda. Ni kazi nzuri, imenilishia watoto, imenitoa aibuni mimi mwenyewe. Lakini mteja akija na rafiki, mpokeeni rafiki kwa heshima, na muulizeni tangu lini kabla hamjagusa chupa. Sasa mnauza kwa simu, hammwoni mtu, hammnusi. Basi ulizeni mara mbili. Na nyinyi wenyewe mjiulize, maana sisi tunaokaa kwenye harufu ndio wa mwisho kujisikia. Kila mwaka ondokeni kidogo kwenye chupa zenu. Na muwe na mtu mmoja anayeweza kuwaambia.

Mama Hansa aliishi miaka mingi baada ya hapo, na wakati wake ulipofika aliondoka kwa utulivu, nyumbani Kitisuru, na Kirit alinitumia gari. Lakini siku ninayoipenda mimi ni nyingine. Ilikuwa mapema, Julai iliyofuata, baridi imetufunga midomo. Nilikuwa nimefungua duka, naosha chupa za jana. Feni ya mezani ilikuwa juu ya kabati, ina vumbi. Nikasikia mlango, nikageuka. Mama Hansa alikuwa amesimama pale, amevaa sweta ya kijivu, vifungo vyote mpaka shingoni, mikono imeingia ndani ya mikono ya sweta. Aliangalia kalenda ukutani.

"Tabitha," akasema, "ile rafiki yako. Leo anasikia baridi."

Nikamwambia amfikishie kwamba nimefurahi sana kusikia hivyo. Kisha nikageukia sinki, nikaendelea kuosha chupa ambazo zilikuwa zimeshakuwa safi.